Flash Arobaini za Kwaya na Wimbo wa Nne

Jumamosi, Tandika. Jua limekaa utosini tangu saa tatu asubuhi.

Naanza kwa kujisifia, maana nikichelewa aibu itaniwahi. Temeke nzima hakuna anayejaza nyimbo kwenye flash kama mie na kibanda changu hiki. Nilishawahi kujazia basi zima la Lindi, kila abiria na flash yake, na dereva hakuzima injini. Anayebisha alete shahidi.

Sasa ya leo.

Kwaya ya jirani yangu Mama Konsolata ilikuwa inazindua nyimbo zake saa nane mchana. Flash arobaini, kila moja nyimbo kumi na nne na lundo la picha za wanakwaya. Yule mama Mnyamwezi, mie Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Juzi nikamwambia mbele ya kwaya yake asihangaike na vijana wajaza flash wa Mabibo. Arobaini kwangu ni kazi ya kabla ya chai.

Saa nne nilishamaliza kumi na mbili. Nachomeka nne kwa mpigo, mstari wa kijani ukifika mwisho nachomoa zote kwa mbwembwe. Mama akaja na sabufa yake, akajaribu moja. Wimbo wa kwanza safi. Wa tatu ukaimba nusu ukakata. Wa nne haupo kabisa.

Akajaribu nyingine. Vilevile.

"Mtani," akasema taratibu, "hawa waimbaji wangu umewala?"

Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Nikampigia Murtaza wa Kariakoo, aliyeniuzia kompyuta. "Mzee wangu, unachomoa mapema," akasema. "Kompyuta ikipokea mzigo inauweka kwanza kichwani mwake, halafu inakwambia umefika. Haujafika. Ngoja nikuelekeze pa kubadilisha, iwe inaandika moja kwa moja kwenye flash."

Miaka yote hiyo nachomoa kwa mbwembwe. Wangapi walifika nyumbani na nyimbo nusu, wakalaumu redio zao?

Nikabadilisha. Haidanganyi tena, ila sasa inatambaa. Flash moja dakika kumi na mbili. Nikichomeka nne, zinagombania njia na zote zinazidi kuchelewa. Saa tano na nusu hiyo, na nje wanakwaya wanapita na sare zao wameshazipiga pasi.

Jasho linanitoka hadi kwenye magoti.

Mama Konsolata kakaa kwenye stuli, anatazama majina ya nyimbo na picha yanavyopita kwenye kioo, moja moja. "Nyie Wazaramo bwana. Kimzigo kimoja unakipeleka, unaandikisha kuwa kimefika, unarudi kuchukua kingine? Babu zangu wapagazi wangebeba hivyo, pwani wangefika lini? Funga lumbesa, mtani."

Nilikuwa na jibu la kumnyamazisha. Nikalimeza, maana nilikuwaga kuli pale sokoni Mabibo, na gunia la kujaza mpaka livimbe juu nimelibeba sana. Kinachokula muda si uzito. Ni safari.

Kuna programu Murtaza aliniwekea zamani, inabeba flash nzima kama kitu kimoja. Niliidharau, nikasema hiyo ya wasiojua kazi. Leo nikaifungua. Nikajaza flash moja kwa subira, nikaisikiliza wimbo hadi wimbo, nikaifunga yote iwe mzigo mmoja. Halafu nikaimwaga kwenye flash nyingine, mapande makubwa makubwa, flash moja kwa wakati, moja kwa moja bila kupitia kichwani mwa kompyuta.

Dakika mbili.

Sikuamini. Nikaitia kwenye sabufa. Kumi na nne zote zipo. 

Saa nane kasoro robo nikawa nimemaliza, na zile mbovu nimezirudia. Nikahesabu. Thelathini na tisa.

"Moja kaondoka nayo Mzee Anselmi wa Pugu, kabla sijajaribu," Mama akasema. "Mkewe kavunjika mguu, hawezi kuja. Huyo mke ndiye aliyeimba wimbo wa nne."

Mama akatoa simu yake.

Akasema atampigia simu amwambie kompyuta ilikuwa na hitilafu. Nikamkatalia. Kompyuta haikuchomoa kitu. Niliyechomoa ni mie.

Uzinduzi ukaenda vizuri. Wakanisimamisha, wakanipigia makofi, nikapunga mkono kama mgombea. Sijawahi kuona makofi machungu kama yale.

Kesho asubuhi napanda Pugu na flash nzima mfukoni. Nyumba za watu nimezoea kuingia na sifa zangu. Hii nataka niingie na maneno matatu tu: nimekosea mie, mama.

Nitaweza kuyasema bila kuyatia chumvi?