Lipi Kwanza, Zahanati au Lambo

Jumanne, 4 Oktoba 1994
Jina la mume wangu Joakim limepita kwenye chama. Anagombea udiwani hapa Nkololo. Ugali ulipoa yeye akiongea tu. Akishinda, anasema, ataingia halmashauri na jambo moja: zahanati. Ijengwe hapa hapa, mama mjamzito asibebwe tena kwa gari la ng'ombe hadi Bariadi. Hakuniangalia aliposema hivyo. Na mimi sikumwangalia.

Jumapili, 9 Oktoba
Mkutano wa kwanza, uwanja wa shule. Watu wengi. Joakim akasimulia habari zetu — mvua za mwaka juzi, gari lilivyokwama mtoni, nilivyojifungulia pale kwenye matope, mtoto akafa kabla hajanyonya. Akamtaja jina. Jenipha. Jina lile tulimpa sisi wawili tu, baada ya kumzika. Leo limetoka kwenye spika likafika mpaka madukani.

Wanawake walilia. Jirani yangu Nyanjige akaniinamia: kumbe alikuwa na jina? Nikaitikia kwa kichwa.

Sijui nina hasira au nini. Labda nilitaka siku moja litajwe. Lakini hivi?

Alhamisi, 13 Oktoba
Nimemwuliza mbona hakuniambia kwanza. Anasema lilimtoka lenyewe. Ningeamini. Lakini Malimi, anayemwendeshea kampeni, alikuwa hapo anakunywa chai, akasema, "Siku ile uliwagusa sana. Urudie vile vile."

Jumatano, 19 Oktoba
Leo tulikwenda kwa wafugaji. Kule shida ni maji, ng'ombe wamebaki mbavu. Joakim akasema akipita, kitu cha kwanza ni lambo la kukinga maji ya mvua. Zahanati hakuigusa. Jenipha hakumtaja.

Nilipaswa kushukuru. Mbona nilikaa pale nikimsubiri amtaje?

Tulirudi na pikapu ya kampuni ya pamba, hawa wanunuzi binafsi walioingia tangu soko lifunguliwe. Wametuazima gari na spika. Dereva akasema bosi wake anakumbushia barabara, maana malori yao yanakwama. Joakim akamjibu, "Mwambie hilo ndilo la kwanza."

La kwanza — mara ya tatu hiyo!

Alhamisi, 20 Oktoba
Asubuhi akinyoa ndevu nikamwuliza, Joakim, lipi la kwanza?

"Bila barabara dawa hazifiki," akasema. "Bila maji ng'ombe wanakufa, na ng'ombe ndiyo ada ya Rodgers, ndiyo hela ya hospitali. Yote ni kweli, Mama Rodgers."

Ndiyo, yote ni kweli. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Angekuwa mwongo ningejua la kufanya.

Jumanne, 25 Oktoba
Nyanjige amekuja na wenzake wa kwaya. Mwadila, mayu, wakanisalimu Kisukuma, wakakaa kwenye mkeka. Wamesikia habari za lambo. Wakataka kujua, wewe unayeishi naye, zahanati anaitaka kweli au anatafuta kura? Nikasema nitawajibu. Wakaniaga vizuri.

Ijumaa, 28 Oktoba
Mkutano wa mwisho, mnadani. Wafugaji upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mfugaji mmoja akanyoosha fimbo: kwetu ulisema lambo kwanza, kwa hawa ulisema zahanati kwanza, leo uko mbele yetu sote, sema moja. Joakim akanigeukia. Kisha akasema, "Mke wangu yupo hapa. Atawaambia mimi ni mtu wa namna gani."

Akanipa maiki. Sijawahi kuishika. Nilikusudia kusema ni mtu mzuri, mchapakazi, mpeni kura. Nikasikia sauti yangu inasema Kisukuma: mimi nataka zahanati kwanza. Mwenzangu anataka nini kwanza, sijui. Mkimchagua nitamwuliza kila siku, na nyie mje mumwulize.

Mtu mmoja akacheka. Halafu vigelegele upande wa akina mama. Malimi akaninyang'anya maiki.

Jumamosi, 29 Oktoba
Malimi kaja mapema. Anasema nimefukuza kura za wanaume wote, na kampuni imechukua pikapu yake. Hajatoka vizuri, Nyanjige akaingia: akina mama wote watampa Joakim, kwa kuwa ndani ya nyumba yake yupo wa kumwuliza. Sasa nimemharibia au nimemsaidia?

Joakim alishinda uani akitengeneza baiskeli ambayo si mbovu. Jioni ndipo akasema, "Umewaambia watu hujui ninachotaka. Miaka yote hii, hujui?"

Nikamwuliza, "Na wewe unajua?"

Akachukua spana, akaendelea.

Jumapili, 30 Oktoba
Siku ya kura. Tangu alfajiri watu wanapita kuelekea shuleni. Joakim amevaa shati jeupe, ameegemeza baiskeli mlangoni. Anataka twende pamoja, watu watuone. Nikasema haya. Kisha akaingia hadi hapa chumbani, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Utanipa kura?"

Nimemwambia anisubiri nje, navaa viatu.

Viatu nimeshavaa. Nasikia anapiga kengele ya baiskeli, nami bado nimekaa na kalamu.