Nafasi ya Benchi la Nyuma

Rockville, 14 Septemba 2003

Mdogo wangu Nsia,

Picha ya mtoto imefika. Masikio ni ya baba yetu kabisa, hata akikataa.

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, wiki nzima imekuwa kama msiba. Chuo alichosoma Bwana Haskell, mzee ninayemhudumia, kimeadhibiwa, kwa sababu walimu waliwaandikia majibu ya mitihani wachezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani. Ushindi wa miaka mitatu umefutwa. Mzee mmoja ameng'oa bendera ya timu dirishani kwake. Mwingine anapiga simu redioni kuapa kwamba wameonewa.

Jana, siku ya mechi, nilidhani Bwana Haskell hatataka hata kuamka. Akaniambia nimvalishe fulana yake ya timu, nimsukume hadi kwenye televisheni.

"Huoni aibu?" nikamuuliza.

"Naona. Walikosa kweli. Ndiyo maana sitaki kuwaacha peke yao."

Nikaenda kukunja mashuka, nikalia huko huko.

Nsia, Jumapili ile walipokutenga kanisani kwa sababu ya mimba, nilikuona ukienda benchi la nyuma. Mimi nikabaki na kwaya, nikaimba sauti ya pili bila kukosea hata mahali pamoja.

Nasikia bado hujarudishwa kundini. Nimepata likizo ya Desemba, na baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, ameshaniwekea kiti mbele. Mwambie asihangaike. Wewe nisogezee nafasi hapo nyuma. Mtoto nitampakata mimi.

Dada yako aliyechelewa,
Elinaike