Skwoti Thelathini Kabla ya Chai

Jumanne. Isiolo kumekauka, na tangu asubuhi upepo unatumwagia vumbi mpaka ndani ya sukari.

Natangazia taifa, pamoja na wasomaji wangu wote kumi na wanne, kwamba leo kabla ya chai mzee mmoja mwenye kitambi ametimiza skwoti thelathini. Kuchuchumaa na kuinuka, bila kushika kiti, sebuleni kwake mwenyewe. Bendera zipandishwe.

Sasa punguzeni makofi niwaeleze.

Tangu mke wangu, Mama Makena, apate kiharusi, mguu wake wa kushoto umegoma. Ulimi haukugoma, Mungu ni mwema. Daktari wa viungo aliniangalia mimi, si mgonjwa, akasema: "Mzee, huyu mama atasimama kwa miguu yako. Dakika kumi kila asubuhi. Huhitaji vyuma. Chuchumaa, inuka."

Mimi ni fundi wa redio. Miaka ishirini na mitano nimekaa kwenye stuli. Magoti yangu yakikunjwa yanalia kama mlango wa bafu ya ploti ya wapangaji.

Na dada yake Mama Makena anakuja Jumamosi kutoka Maua. Alinipasulia kwa simu: "Shemeji, kama huwezi kumwinua peke yako, nitamchukua. Si huyo jirani aliyemwoa dada yangu." Jirani ni Mama Abdi, ambaye kila asubuhi huacha biashara yake ya maziwa ya ngamia aje tusaidiane kumpeleka Mama Makena choo cha nje.

Sitaki aende.

Kwa hivyo nilianza. Siku ya kwanza, tano. Ya pili, tatu. Ya tatu mapaja yalikataa kabisa. Mama Makena akauliza kutoka chumbani, "Baba Makena, mbona kimya, umekufa?"

Nikaona aibu. Nikakaa kwenye kochi nikaanza kuhesabu kwa sauti, nikihema katikati ya namba na kugonga miguu sakafuni.

Alifurahi sana. "Kumi na mbili! Wewe utanibeba mpaka Maua!"

Wiki mbili nimehesabu hivyo. Hizo thelathini za leo nilizipiga nikiwa nimekaa, nikingoja chai ichemke.

Yaliyofuata ni haya.

Mama Abdi alipobisha hodi, Mama Makena alimwambia arudi kwa maziwa yake. "Leo mzee ananitosha." Alisema kwa maringo ambayo sijayasikia tangu augue. Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema. Nilimshika kiunoni kama nilivyofundishwa, nikamwinua, tukapiga hatua mbili.

Magoti yakaachia. Tulianguka pamoja, yeye chini, mimi juu ya mkono wake.

Niliogopa kuliko siku ile ya kiharusi. Kisha akauliza polepole, "Thelathini?"

Nikamwambia kila kitu hapo hapo sakafuni.

"Kwa hivyo nilikuwa nashangilia kochi."

Hakucheka. Nilipiga kelele, Mama Abdi akaja mbio, akatuinua mmoja mmoja. "Wallahi, nyinyi wawili mtaniua!" Mkono haujavunjika, umevimba tu. Mama Makena akaomba simu, akampigia dada yake. Nilikuwa jikoni, nikasikia: "Njoo na gari." Akakata.

Siku nzima hakuniita jina, wala kunitania. Kumbe nyumba inaweza kuwa kimya namna hii.

Jioni nilisimama mbele ya kitanda chake, mahali anaponiona. Nikashuka, nikainuka. Mara ya pili. Ya tatu. Ya nne nilitetemeka, nikainuka kabla ya wakati. Alikuwa ameangalia ukuta.

"Hiyo haijafika chini," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Nilifika chini vizuri sana, ila kuinuka kulinishinda, nikabaki hapo nimeshikilia kitanda, jasho na machozi vikichanganyika.

Zimebaki siku nne. Bado hajampigia dada yake kumwambia asije.