Chunusi za Mama Mbele ya Wazee

Waceke, weka chai chini. Mama amenimaliza leo mbele ya wakwe zangu WOTE. Ameongea mambo ya hedhi!

Anasema ilikuwa tisini na tatu, Kaloleni. Yeye ni mjane wa miaka hamsini na moja, kiongozi wa kwaya, halafu ghafla uso ukajaa chunusi kama wa msichana wa form two.

Wazee wa kanisa wakamwita. WAKAMWITA, Waceke! Juu ya chunusi! Mzee Dishon akamuuliza, tena kwa jina langu mimi, "Mama Beldina, huyo mwanaume ni nani?"

Mwanaume!

Mama akasimama. "Nikiwa na miaka kumi na nne mlisema nawaza wavulana. Nikibeba mimba ya Beldina uso ukaingia madoa, mkasema najichubua. Sasa hedhi imekwisha, nesi amesema ni homoni tu, na nyinyi mnaniletea mwanaume. Uso huu utakuwa wangu lini?"

Wazee wakatoka nje kushauriana. Saa nzima!

Wakarudi na uamuzi: Mama apumzike kwaya kwanza, wao watangoja miezi tisa ndio waone.