Kazi Niliyoifuata Mwenyewe

Balangdalalu,
Alhamisi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye namwamkia. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Nambis, na goti lako halikusumbui sana sasa baridi imepungua. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Ungeguna tu kwenye simu, najijua, ningegeuza maneno.

Umeona hapo juu nimeandika Balangdalalu. Usishtuke. Haydom niliondoka baada ya Pasaka. Nilichoka, baba. Tangu nimalize chuo cha mifugo nilikuwa kwa shangazi Judith nikifua, nikipika, nikichungulia simu kama ajira zimetangazwa. Nilituma maombi kila mahali: shuleni, madukani, hata kwenye kampuni ya ulinzi. Siku moja shangazi akaniambia kwamba mtu anayeomba kila kazi anawatangazia watu kuwa hana kazi anayoijua. Nilinuna kutwa nzima, kwa sababu alisema kweli. Kazi ninayoijua ni kutibu mifugo. Basi nikajiuliza mifugo iko wapi, na ikiugua wenyewe wanamwita nani.

Nikapanda basi mpaka huku, nikamwomba Gidion, daktari mwenye duka la dawa za mifugo, anichukue nimsaidie kwenda kwenye maboma ya wafugaji, maana peke yake hafiki kote. Akasema nijaribu, ila nisimharibie jina.

Nikamharibia siku ileile ya kwanza. Chuoni walitufundisha kuanza na takwimu, kwa hiyo nilifika bomani kalamu mkononi, nikamuuliza mzee mwenye boma ana ng'ombe wangapi. Mbele ya wageni wake, baba! Mzee akainuka, akaenda zake. Mke wake, Helena, alinisindikiza mpaka njiani huku akinicheka. Akanieleza kwamba kwao kuhesabu ng'ombe hadharani ni kuwaitia kifo, na anayeuliza idadi yao ni mwizi au mtoza ushuru. Akaniambia niulize yupi hajala leo.

Kesho yake nilirudi bila kalamu, nikauliza yupi hajala. Mzee akanionyesha ndama mwekundu, homa kali, tezi chini ya masikio zimevimba. Ilikuwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe. Nilimtibu, nikawa narudi kila asubuhi mpaka akanyonya tena. Sasa mzee huyohuyo ndiye anayenisifia mnadani, na Gidion amenikabidhi maboma yote ya upande wa mlimani. Sijui mwakani itakuwaje. Kuna siku naamka na hofu, nazunguka chumba kabla hakujapambazuka vizuri. Lakini afadhali hofu hii kuliko ile ya kukaa nikisubiri simu ya mtu.

Sasa baba, kaa chini kwanza. Ile nafasi ya ukarani kwa Mzee Yoakimu, uliyonipigia simu kwa furaha ukaniambia nianze Jumatatu ijayo, nimeikataa. Juzi nilipanda mpaka Mbulu mjini nikamwambia mwenyewe ampe mtu mwingine. Najua ulivyohangaika. Najua ulivaa koti la kanisani ukaenda kumbembeleza mtu aliye mdogo kwako, kwa ajili yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Mzee Yoakimu alinikazia macho akauliza kama baba yangu anajua. Nikamjibu kwamba utajua kutoka kwangu kabla hamjakutana kanisani Jumapili. Ndiyo maana barua hii nampa Michael, kondakta wa basi, aifikishe mkononi mwako mwenyewe.

Naona aibu, baba, lakini sijutii. Ukikasirika, unikasirikie mimi, Mzee Yoakimu hana kosa. Na nakuomba usinitafutie kazi tena kwa mtu yeyote. Nitendee jambo moja tu: siku ng'ombe wako akiugua, unipigie mimi kabla hujamwita daktari mwingine.

Msalimie sana mama, mwambie nakula vizuri. Wadogo zangu Imakulata na Tadei wasome kwa bidii. Majirani wote wasalimie, na Mungu awatunze mpaka tuonane.

Mimi mwanao ninayekupenda na bado ninakuogopa,

Marieta Tluway