Siku Sita za Baba Paskali

Alhamisi, 5 Juni
Kikundi cha wanaoacha pombe, saa nne, ukumbi wa kanisa, Bonga. Wamekuja kumi na mmoja. Baridi kali, masweta juu ya masweta. Kupima sukari na presha kwanza, maongezi baadaye, kama kawaida. Mwenyekiti wetu, Mama Happiness, zamani alipika pombe na alikuwa mteja wake mkubwa mwenyewe. Sasa anauza samaki sokoni, na ndiye anayewapima wenzake presha. Anaipima vizuri kuliko mimi.

Baba Paskali hakuja. Mkulima wa Singe, ana sukari na kidonda mguuni. Miezi minane hajagusa pombe, na hakuwahi kukosa Alhamisi hata moja. Sijapenda.

Jumatatu, 9 Juni
Barua imefika. Kamati ya afya itanisikiliza Jumatano ya wiki ijayo. Miaka mitano ya utafiti, dakika ishirini. Wakikubali, kikundi kinahamia kliniki ya sukari. Mgonjwa anayetaka kuacha pombe atapata wenzake palepale anapochukua dawa. Wakikataa, basi. Kazi inaishia kwenye makaratasi.

Msimamizi wangu wa utafiti kapiga simu. Anataka mfano mmoja wa kung'ara. Nimemtaja Baba Paskali. Nimemtaja haraka mno.

Jumanne, 10 Juni
Bodaboda hadi Singe. Nimemkuta kakaa juu ya gunia la mahindi, mguu mmoja hauna kiatu. Sikuhitaji kuuliza. Akanieleza mwenyewe bila kunitazama. Majirani walikuja kumsaidia kuvuna, pombe ikaletwa, akasema kikombe kimoja tu. Zikawa siku sita. Dawa hakumeza. Kidonda kimefunguka, kinanuka.

"Mama Glory, niandike nimekufa," akasema. "Itakuwa rahisi kwako."

Nilikasirika. Kwa sababu yake, na kwa sababu yangu, maana dakika ile nilikuwa nawaza kamati. Nikamwambia sina fomu ya kumwandika marehemu mtu anayeongea. Tukapanda bajaji hadi hospitali. Kalazwa. Daktari haahidi kuuokoa mguu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimewaambia kikundi, kwa ruhusa yake. Kisha Mama Happiness akasimama. "Leo anakwenda nani? Na kesho?" Wakagawana siku palepale. Mmoja kupeleka uji, mwingine kumkumbusha dawa, mwingine kukaa tu naye. Kila aendaye aandike kwenye daftari alichokikuta. Sikuwaagiza. Wala hawakusubiri nimalize kuongea.

Ijumaa, 13 Juni
Msimamizi anasema nimtoe Baba Paskali kwenye ripoti. "Kamati haitaelewa. Chagua mwingine." Najua anataka kunisaidia. Nimekaa na ripoti tangu asubuhi. Nikimtoa inapendeza. Na inadanganya. Karibu nimtoe. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ni kweli.

Saa tisa nimempigia: simtoi. Akasema haya, utajibu mwenyewe. Naogopa.

Jumatatu, 16 Juni
Mguu unabaki! Sukari imeshuka, kidonda ni chekundu na kisafi. Nimepiga kigelegele wodini, muuguzi kanikemea. Nikamkemea na yeye kwa kutopiga. Tumecheka.

Nikamwomba Baba Paskali ruhusa ya kueleza habari zake mbele ya kamati, bila jina.

"Utaieleza vibaya," akasema. "Nakuja mwenyewe."

Jumatano, 18 Juni
Tumeshinda. Naandika tena. Tumeshinda.

Nilianza vibaya. Nilipofika kwenye zile siku sita, mwenyekiti wa kamati akanikata. "Kwa hiyo kwa huyu mbinu yako imeshindwa?" Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Sikulitoa. Baba Paskali, aliyeruhusiwa hospitali asubuhi hiyo, alikuwa tayari kasimama, kaegemea fimbo.

"Shikamoo, Mzee. Huyo ni mimi. Nimeacha pombe mara nne maishani. Kila nikianguka napotea mwaka mzima, na hakuna anayenitafuta. Safari hii nimepotea siku sita. Walinifuata."

Akakaa.

Nikataja daftari la zamu, na mwenyekiti wa kamati akaliomba. Mama Happiness, aliyekuja nasi, akampelekea, akasimama pembeni yake akimsomea maandishi ya wenzake, maana mengine ni yeye tu anayeyaweza. Wakasoma kurasa zote. Ripoti yangu ilibaki mezani, imefungwa. Kisha mikono ikanyooshwa, yote. Tumepewa chumba kliniki, kila Alhamisi. Na wanakikundi ndio watakaowapokea wageni, imeandikwa hivyo kwenye uamuzi.

Nje, Mama Happiness alinibeba. Kweli, alininyanyua juu, mbele ya wakubwa. Msimamizi kaniomba radhi. Nimeipokea. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama leo.

Alhamisi, 26 Juni
Siku ya kwanza kliniki. Viti havikutosha. Mwanamke mgeni alikaa karibu na mlango, kitenge kimefunika nusu ya uso. Hakusema jina lake. Hakuna aliyemlazimisha. Baba Paskali akamsogezea kiti chenye mgongo, akarudi kukaa kwenye benchi.

Mimi nilikaa nyuma. Saa nzima sikusema neno, na hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nikala ugali na mlenda. Nikalala mchana, mpaka mwanangu Glory akaniamsha.