Jibu Alilolipokea Daktari

Bwera, Jumatatu

Mpendwa Hilaire,

Mbuzi wako amezaa mapacha, na maharage yameanza kukauka vizuri. Dada yako Sophie amekuja kunisaidia.

Yale maumivu ya ubavu niliyokuficha ni jiwe kwenye figo. Daktari aliniuliza kama nakunywa maji. Nani anakunywa maji pale sokoni? Ukienda chooni, unarudi unakuta samaki wako hawapo. Miaka sita nimekaa na kiu makusudi.

Anasema jiwe dogo hutoka lenyewe kwa maji mengi na dawa ya maumivu. Langu ni kubwa, kwa hiyo Ijumaa napelekwa kwenye mashine inayolivunja kwa mawimbi, bila kisu. Nilifurahi, maana usiku maumivu yaliponizidi nililia huku nimeng'ata kitenge.

Kisha akauliza kama nina mimba, kwa sababu mashine hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kabla sijafungua mdomo, Sophie akacheka.

"Mimba ya nani, dokta? Bwana yake iko Butembo tangu Noeli!"

Nami nikacheka. Daktari akaandika hapana.

Hardy wa lori atakuletea barua hii kesho. Keshokutwa narudi kwa daktari peke yangu, nimwambie afute lile neno. Jiwe libaki, nitavumilia. Sophie akishajua, atakupigia simu hapo hapo, na sitaki usikie kwake.

Mimba ina miezi mitatu. Usihangaike kuhesabu, Hilaire. Si yako.

Consolée